Shangazi Asiyekaa Mezani

Kwa miaka ishirini na sita nilifundisha kwamba yule shangazi ni katili. Nilifundisha Iringa, katika shule mbili, Kiingereza cha kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka nilipofika kwenye riwaya ile nene nilichukua chaki nikaandika ubaoni sifa za wahusika, mmoja baada ya mwingine. Nikifika kwa shangazi naandika: katili, mchoyo, mnafiki, mkavu wa moyo, mwenye wivu. Sifa tano. Kila sifa na ushahidi wake, kila ushahidi na ukurasa wake. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakafaulu. Sikuwahi kusikia mtu akimtetea yule mama, na kama angetokea ningemwambia akae chini asitupotezee muda.

Riwaya yenyewe ni ya Waingereza wa karne ya kumi na tisa, enzi za malkia wao yule aliyevaa nguo za msiba mpaka akafa. Inahusu msichana yatima anayelelewa na dada wa baba yake, mwanamke anayefua nguo za watu kwenye mji wa viwanda wenye moshi. Shangazi anakata mkate vipande vyembamba. Majira ya baridi anamtoa mtoto shuleni ili wasaidiane kufua. Siku moja anauza gauni la marehemu mama wa yule mtoto, kitu pekee alichokuwa amebakiza. Basi msichana anakua kwa machungu, anapata elimu, anakuwa mwalimu, anaolewa na mtu wa maana, na mwisho anarudi kumsamehe shangazi aliye kitandani akikata roho. Riwaya za aina ile ndivyo zilivyo. Mtoto anaumia, anajifunza, na kabla ya ukurasa wa mwisho kila mtu ameshapata stahili yake.

Notisi zangu za riwaya hiyo zilitembea kuliko mimi. Mwanafunzi mmoja alizipiga chapa, akazipeleka steshenari, na baada ya hapo ukienda Iringa mjini au Mbeya ukataka desa la riwaya unapewa langu. Nilipostaafu nikahamia Mbalizi, kwa sababu mke wangu ni mtu wa Mbeya na alishasema hawezi kuzeekea kwenye vumbi la kwetu, nikakuta hata pale sokoni steshenari wanaziuza. Jina langu halikuwamo, ila makosa yangu yote yalikuwamo, mpaka namba ya ukurasa niliyoikosea miaka hiyo. Nilijisikia vizuri sana. Mtu anayesema hajali sifa, muulize kwanza kama amewahi kusifiwa.

Ilikuwa ni kwa ajili ya desa hilo mama mmoja akanitafuta. Nasema mama, lakini alikuwa hajafika miaka arobaini na miwili, na mimi nilikuwa na sitini na nne, kwa hiyo mara nyingi nilimwita mwanangu. Kwao ni Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga. Hapo Mbalizi alikuwa akifundisha chekechea, watoto wa miaka minne na mitano, kazi aliyoifanya miaka kumi na moja bila cheti cha ualimu. Alikuja na notisi zangu mkononi, zimekunjwa mara mbili, akapiga magoti kidogo kama wanavyofanya wa kwao, akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeambiwa haya maandishi ni ya kwako."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mwenye steshenari. Kasema mwenyewe yuko hai, anakaa karibu na kanisa."

Nikacheka. Nikamkaribisha barazani, mke wangu akaleta chai.

Shida yake ilikuwa hivi. Alimaliza kidato cha sita zamani, akapata ufaulu wa somo moja tu, na chuo cha ualimu kilitaka mawili. Somo alilolikaribia lilikuwa Kiingereza. Mkuu wa shule yake alikuwa amemwambia kwa upole, lakini kwa maandishi, kwamba kufikia katikati ya mwaka unaofuata hataweza kumweka darasani mtu asiyekuwa hata na barua ya chuo. Basi alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa mtihani wa mwezi wa tano. Akifaulu Kiingereza, chuo cha Iringa kinampokea na kazi yake inamngoja. Asipofaulu, anarudi Ubaruku kuchambua mchele mashineni. Sarufi ilimsumbua, alisema. Karatasi ya fasihi ndiyo ingembeba, na kwenye fasihi tegemeo lilikuwa riwaya.

Nikamwambia asihofu, kwa riwaya amefika kwa mwenyewe. Ndivyo nilivyosema, na maneno hayo nayakumbuka kila siku.

Tulisoma Jumamosi alasiri, barazani kwangu, kuanzia mwezi wa nane. Sikumtoza kitu. Nilimwazima kitabu changu, maana hakikuwa kinapatikana tena madukani, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mwalimu mwenye akili timamu. Mimi halikunishtua. Niliona ni fahari kuwa na kitabu ambacho wengine hawana.

Jumamosi ya tatu au ya nne, nikiwa katikati ya sifa za shangazi, aliinua mkono. Mtu mzima, tuko wawili tu barazani, anainua mkono.

"Mwalimu, huyu mama anakula saa ngapi?"

"Mama yupi?"

"Shangazi."

"Sasa hilo linahusiana nini na mtihani?"

"Nauliza tu. Nimefika katikati ya kitabu, sijamwona amekaa mezani. Mkate anaukata, anamgawia mtoto, anampa mpangaji wao. Yeye yuko jikoni, au yuko dirishani, au anafuta meza. Amesimama tu."

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia mwandishi hawezi kuandika kila mara mtu anapotafuna, kwamba hayo ni mambo ya pembeni, na kwamba mtihani unataka sifa na ushahidi. Akasema sawa, mwalimu, akaandika: mchoyo, ukurasa wa thelathini na moja. Alipoondoka nikachukua kitabu. Nilikipekua mpaka chakula cha jioni, na kesho yake baada ya ibada nikaendelea. Kurasa mia nne na kitu. Hakuna hata mahali pamoja ambapo yule mwanamke amekaa kula. Kuna mlo wa Krismasi, watu sita wamekaa, viti vimehesabiwa, yeye hamo. Kuna mahali msichana anamaliza mkate wake na kuona shangazi anakusanya makombo kwa kiganja, na sentensi inayofuata inazungumzia mvua. Makombo yale aliyapeleka wapi? Mwandishi hasemi. Nilikuwa nimekifundisha kitabu kile miaka ishirini na sita, na makombo sikuyaona.

Niliona haya, kisha nikakasirika kwa sababu ya kuona haya, kisha nikafurahi. Jumamosi iliyofuata nilimwambia, "Haya, endelea na shangazi yako."

Akaendelea. Wiki kwa wiki alimfumua yule mwanamke kama anavyofumua mtu sweta ili ajue lilivyofumwa. Gauni, alisema, limeuzwa mwezi wa kwanza, na mwezi wa kwanza kule ni baridi kali, na sura inayofuata mtoto ana viatu. Mwandishi hajaunganisha hayo mawili kwa sababu anayesimulia ni mtoto, na mtoto anaona gauni limeondoka, haoni viatu vimefika. Kumtoa shuleni, alisema, kulikuwa kwa wiki sita, si mwaka kama notisi zangu zinavyosema. Nilihakikisha. Wiki sita kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika mwaka, Mungu anajua kwa nini, na darasa baada ya darasa la watoto wa Iringa likakariri.

"Wewe umeyajuaje haya?" nilimuuliza siku moja.

Aliviringisha ncha ya kitenge chake. Halafu akaniambia. Kaka yake alifariki, na mke wa kaka akafuata mwaka huohuo, wakaacha watoto watatu. Yeye ndiye shangazi, hakuwa ameolewa, akawachukua. Kila msimu mpunga ulipoanza kukomaa ndege walishuka kama wingu, na asiyekuwa na mtu wa kufukuza ndege shambani alivuna makapi. Basi alimtoa yule binti mkubwa shuleni wiki mbili, tatu, wakashinda wote kwenye majaruba ya mpunga wakipiga madebe. Misimu minne. Binti alipofanya mtihani wa darasa la saba hakuchaguliwa kwenda sekondari. Sasa ni mtu mzima, ana duka lake la nguo Mbeya mjini, kilomita chache tu kutoka Mbalizi. Hapokei simu ya shangazi yake. Alishawaambia watu kwamba aliyemharibia maisha anamjua.

"Hao wadogo wawili walisoma," alisema. "Kwa mpunga ule. Lakini yeye ndiye aliyefukuza ndege."

Nilimwambia pole, tukarudi kwenye kitabu. Ila tangu siku ile nilielewa kwamba hasomi riwaya kama mimi nilivyoisoma. Mimi nilitafuta sifa tano. Yeye alikuwa anatafuta kama mtu wa namna yake anaweza kusomwa na kueleweka.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha. Mwezi wa kumi na moja, baada ya ibada, mwalimu mmoja kijana wa pale Mbalizi alinisalimia nje ya kanisa, akaniuliza naendeleaje na ualimu wa barazani. Nikamwambia tunasoma riwaya yetu ileile. Akasema, "Mzee, si orodha ya vitabu imebadilika?" Nikamjibu hapohapo, bila kufikiri, kwamba mabadiliko huanza na walio shuleni, wa kujitegemea huachiwa kwanza wamalize na vitabu vya zamani. Niliwahi kusikia hivyo miaka ya nyuma, kuhusu somo jingine. Kijana ni mtu wa adabu, hakubishana na mzee mbele ya watu. Akasema labda, tukaagana.

Ningeweza kwenda kuuliza. Shule ya sekondari ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu, na mimi kila asubuhi natembea saa nzima kwa ajili ya presha. Sikwenda. Siwezi kusingizia uzee. Ukweli ni kwamba sikutaka kitabu kipya. Kitabu kipya kingenikuta sina notisi, tungekaa pale barazani mimi na mama wa chekechea tukisoma kwa mara ya kwanza wote wawili, na huenda yeye angenitangulia. Hilo sikulitaka.

Na kuna jingine. Nilimpa ushauri ambao nimewapa wanafunzi wangu wote: ukifungua karatasi ya mtihani, ile orodha ya vitabu iliyoko mwanzoni ipite, ni ya wale wasiojua walichosoma. Muda wako ni wa maswali. Aliandika ushauri huo kwenye daftari lake na kuupigia mstari.

Mtihani alifanyia Mbeya mjini. Siku iliyofuata alikuja kwangu asubuhi kabla ya kwenda chekechea, hata chai hatujanywa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akiongea haraka.

"Lilikuja, mwalimu. Swali la wahusika. Linasema mhusika anayeonekana mbaya huenda asiwe mbaya, jadili. Nimeandika kurasa nne."

"Umeandika zile sifa?"

"Sikuandika hata moja." Akaziba mdomo kwa mkono, anacheka. "Nimeandika anavyosimama. Nimeandika makombo, viatu, wiki sita. Nimeandika kwamba aliyesimulia alikuwa mtoto, na mtoto ana haki ya kuumia, lakini kuumia kwake si ushahidi kwamba shangazi hakumpenda. Na lile swali la pili la riwaya nalo nimejibu kwa kitabu hichohicho."

Nilimwambia msahihishaji atakayepata karatasi ile ataamka kwenye kiti. Nilimaanisha. Mke wangu akamlazimisha akae anywe chai, akanywa haraka, akaondoka kwa watoto wake. Nilishinda siku ile nimejaa kiburi, natembea uani kama aliyeoza binti.

Baada ya wiki mbili nilikwenda Iringa kwenye harusi. Aliyekuwa anaoza binti ni mwalimu mwenzangu wa zamani, mama mmoja wa mtaa wa Mlandege, Mwislamu, ambaye babu zake walipanda kutoka pwani kufanya biashara na hawakurudi. Yeye bado anafundisha. Kesho yake, nyumba ikiwa imetulia, nilipita kuaga. Tulikaa sebuleni na chai ya tangawizi na vitumbua vilivyobaki, na juu ya kabati la vyombo nikaona karatasi ya mtihani wa mwaka ule, ya fasihi. Anaitumia kwa kidato cha tano, alisema. Niliichukua kwa furaha. Nilitaka kuliona swali letu.

Nililiona. Lilikuwa kama alivyosema. Chini yake limeandikwa utumie riwaya kutoka kwenye orodha. Nikarudi juu kwenye orodha, kwa raha zangu tu, na kitabu chetu hakikuwamo. Nikavaa miwani vizuri. Nikasoma tena, nikiweka kidole kwenye kila jina.

"Dada, kile kitabu cha yatima kiko wapi hapa?"

"Kile? Kimeondolewa, kaka. Huu mwaka wa pili sasa."

"Na wa kujitegemea?"

"Orodha ni moja kwa wote."

"Aliyejibu kwa kitabu kile?"

Aliniangalia, akaweka kikombe chini. Ni mwerevu yule mama, alishajua. "Hapati kitu kwenye swali hilo," alisema. "Hata awe ameandika vizuri namna gani. Ni mwanafunzi wako?"

Nikasema ni mtu ninayemfahamu.

Kwenye basi la kurudi Mbeya nilipanga maneno. Tulipopita Makambako nilikuwa na sentensi ya kwanza. Tulipopita njia panda ya kwenda Ubaruku, magunia ya mchele yamepangwa kando ya barabara, nilikuwa nimeipoteza. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja, "Mwambie." Nikasema Jumamosi.

Jumamosi alikuja. Mtihani umepita, hakuwa na sababu ya kuja, ila alisema amezoea, na kama sijachoka angependa tusome kitabu kingine, kusoma tu, bila mtihani. Alikuwa ameshapeleka maombi chuo cha Iringa. Mkuu wake amekubali kumngoja mpaka matokeo yatoke. Alikuwa amefikiria pia kumwandikia barua yule binti wa kaka yake, barua ya kawaida ya karatasi, maana simu hapokei. "Nimeona naweza kuandika," alisema. "Zamani nilikuwa najua kuongea tu."

Ungemwambia wewe? Mimi sikumwambia. Nilijiambia mtihani umeshafanyika, kumwambia hakubadilishi alama. Nilijiambia huenda msahihishaji akaona akili yake akamhurumia, jambo ambalo mimi niliyesahihisha mitihani miaka mingi najua halipo. Nilijiambia afurahi hizi wiki sita, saba, furaha yenyewe anaipata wapi. Hizo zote zilikuwa hoja za mwoga. Kumwambia kungebadilisha kitu kimoja, angejua kosa ni la nani, na hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia.

"Umemwambia?" mke wangu aliuliza Jumamosi ile. "Bado." Jumamosi iliyofuata aliuliza tena. Ya tatu aliuliza bila kuniangalia, anachambua maharage. Ya nne hakuuliza, na tangu hapo hakuuliza tena, akawa ananiwekea chakula mezani na kwenda kukaa na jirani. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeshuka, ukungu haufunguki mpaka saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nakaa ndani na jiko la mkaa nikisoma kitabu kile cha yatima. Nilitafuta kama kuna mhusika ndani yake aliyefanya nilichokifanya. Yuko mmoja, karani mdogo anayejua siri ya wosia na kunyamaza, sura moja tu anatokea. Katika notisi zangu nilimpa sifa mbili: mwoga, asiye na umuhimu.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba. Kijana wa steshenari alinifungulia kwenye simu, kwa namba ya mtihani ya yule mama niliyokuwa nimeiandika. Alipata S. Kwa asiyejua, S ni herufi inayokaa chini kidogo tu ya ufaulu. Maana yake ulikuwa unafika, ukaishia mlangoni. Chuo hakiihesabu. Maswali mawili ya riwaya yangemvusha, na hata moja lingemvusha, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Alikuja Jumamosi, saa ileile ya siku zote. Nilikuwa nimeapa asubuhi kwamba leo namwambia. Alipiga magoti kidogo, akaniamkia, akakaa. Hakuwa amelia, au alikuwa amelia akamaliza. Mkuu wake ameshampata mwalimu mwingine, alisema, binti mzuri tu, ana cheti, watoto wamempenda. Wiki ijayo anarudi Ubaruku. Mashine moja ya kukoboa inahitaji wanawake wa kuchambua.

"Pole sana, mwanangu," nilisema. "Kuna jambo nataka kukwambia."

"Ninalijua, mwalimu."

Nilidhani ameshaambiwa, na nitasema kweli, kwa dakika ile nilisikia nafuu.

"Ni kosa langu mwenyewe," alisema. "Wewe ulinipa sifa tano. Watu miaka yote wameandika zile sifa, wamefaulu, wengine leo ni walimu. Mimi nikajifanya najua zaidi. Nimeandika habari za makombo." Alijaribu kutabasamu. "Mtu aliyesahihisha ameona huyu hajui kusoma. Anaona kitu ambacho hakipo kwa sababu anataka kiwepo."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa mafupi: kitabu kilitolewa, sikuuliza. Hayazidi pumzi moja.

"Nataka uniambie kitu kimoja tu," aliendelea, "na usinionee huruma. Yule shangazi. Ukiacha maneno yangu yote. Zile notisi zako ndizo sahihi?"

Aliniangalia usoni. Ningesema hapana, angeuliza sasa kwa nini nimefeli, na ningelazimika kujibu.

Nikasema, "Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Basi yule mtoto ana haki ya kutopokea simu," alisema. "Ile barua sitaituma." Akanyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nashukuru, mwalimu. Mwingine angenidanganya ili kunifariji."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aligeuka akarudi nalo ndani.